Gunia la Viazi Lina Kilo Ngapi?

Haya wanangu, sogeeni. Leo tunalifuata gunia la viazi kutoka Kinangop hadi kwenye sahani ya chipsi hapa Ruiru, na safari nzima tutabeba swali moja ambalo watu wazima wameligombania miaka mingi: gunia ni kilo ngapi?

Thika na Ruiru walaji ni wengi, mashamba ya viazi ni machache. Ardhi ya huku imezoea mananasi na kahawa, na siku hizi inaota magorofa. Sensa ya 2019 ilikuta watu zaidi ya 490,000 mjini Ruiru peke yake, na karibu kila nyumba inapika viazi, ama kwenye mchuzi, ama kwenye mukimo. Nchini Kenya viazi ni zao la pili la chakula baada ya mahindi. Lakini kiazi hupenda baridi ya nyanda za juu, kwa hiyo chetu hutoka Nyandarua, Molo, Timau kule Meru, na kwingineko kunakolala ukungu asubuhi.

Kumbuka pia kwamba kiazi kibichi karibu chote ni maji. Katika kilo 50, kama kilo 40 ni maji matupu, na lori linachoma dizeli kuyabeba. Jirani zetu wa Uganda wanalijua jambo hilo: viazi vinalimwa Kabale, karibu na mpaka wa Rwanda, vinaliwa Kampala, kilomita kama 400 barabarani. Kila kilima kinaongeza shilingi kwenye bei.

Sasa njoo nami soko la Madaraka, Thika, kabla jua halijapanda. Lori limefika, turubai limefunuliwa, vibarua wameinamisha migongo. Tazama gunia lile linaloshushwa. Mahali ambapo mdomo wake ungepaswa kushonwa, gunia haliishi. Pameunganishwa neti ya kamba, na ndani ya neti viazi vimerundikwa juu ya viazi hadi vikafanya kichuguu. Hiyo ndiyo lumbesa. Anayeibeba hupiga hatua fupifupi, shingo imekakamaa, na mwenzake anamsindikiza kwa mkono asije akaanguka.

Tufanye hesabu, toeni vidole. Tuseme broka amefika shambani akamwambia mkulima, “Mzee, gunia moja shilingi 3,000.” Likiwa la kilo 50, mkulima amepata shilingi 60 kwa kila kilo. Likiwa lumbesa ya kilo 120, amepata shilingi 25 tu. Bei iliyotajwa ni ileile, gunia limeitwa gunia vilevile, lakini zaidi ya nusu ya haki ya mkulima imeingia kwenye neti. Mimi nauita huo wizi, hata kama umezoeleka. Na kibarua anayeubeba anaumia mgongo kwa ajili yake.

Serikali ilijaribu kulikata jambo hili. Kanuni za viazi za 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, zinasema gunia lisizidi kilo 50. Basi kwa nini lumbesa bado inaonekana barabarani? Kaunti moja ikikaza, broka huvuka kwenda kununua kaunti ambayo haikukaza. Na ipo sababu nyingine, iliyo ndani ya kiazi chenyewe.

Kiazi kinachotawala masoko yetu kinaitwa Shangi. Wakulima wenyewe walikisambaza shamba kwa shamba kabla hakijasajiliwa rasmi, kwa sababu hukomaa upesi, huzaa sana na huiva haraka jikoni, kikaokoa makaa. Ila Shangi haina subira. Wiki chache tu baada ya kuchimbwa, macho yake yanaanza kuchipua. Mkulima asiye na ghala lenye giza, hewa na ubaridi hawezi kusema, “Nitangoja bei ipande.” Mvua za masika zikiisha, mavuno yanamiminika kwa wakati mmoja, kila mtu anauza, na broka ndiye mwenye lori. Hapo mkulima hukubali hata neti. Kwa maoni yangu, ghala moja zuri kijijini lingepunguza lumbesa kuliko vizuizi kumi vya polisi.

Huku Ruiru kipimo kinabadilika. Mama mboga hauzi gunia, anauza gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili. Mtazame anavyopanga: vikubwa chini, vidogo vinajaza mianya, halafu vinne vitano vinakaa juu kama kilemba. “Niongezee, mama.” “Nimekuongezea, mwanangu, hata wewe unaona!” Lakini viazi vikubwa huacha mianya mikubwa, na mkebe uliobonyezwa kitako unabeba pungufu. Mizani peke yake ndiyo isiyobembelezwa.

Viazi vingi vya mji huishia kwenye karai la chipsi. Januari 2022 migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi, kwa sababu shehena yao kutoka ng’ambo ilichelewa. Watu walikasirika: viazi vinaoza Nyandarua, chipsi zinangojewa kutoka baharini? Kampuni ilieleza kuwa wauzaji wake lazima kwanza wapitie ukaguzi wa ubora, kisha ikaahidi kutafuta viazi vya hapa. Hasira ile ilikuwa ya haki, ingawa kiwanda nacho kinahitaji kiazi cha aina na ukubwa mmoja mwaka mzima. Kazi ya kutafuta aina bora inafanyika karibu nasi, katika kituo cha utafiti cha KALRO huko Tigoni, kaunti yetu hii hii ya Kiambu.

Na ninyi mna utafiti wenu. Chukueni viazi viwili vya Shangi. Kimoja kiwekeni kabatini gizani, kingine dirishani penye mwanga, mvitazame kila jioni kwa wiki mbili. Cha dirishani kitageuka kijani, na pamoja na rangi hiyo hujikusanya sumu iitwayo solanini, kwa hiyo msikile. Kipandeni nyuma ya nyumba, jicho likitazama juu.