Daftari la kila siku lisilomchosha mkulima

WENGI hununua daftari mwezi wa Januari, wakaandika kwa bidii kwa majuma mawili, kisha kurasa zilizosalia zikaishia kuwashia moto.

Sababu si uvivu. Aghalabu mtu hujitwika mzigo mzito tangu mwanzo: safu za hesabu na maelezo marefu ya mambo ya siku nzima, ilhali jioni amerejea kutoka shambani akiwa hoi.

Kwa mkulima wa Meru au Embu, mstari mmoja kwa siku unatosha. La muhimu ni kuuambatanisha na kazi isiyoweza kuahirishwa. Anayekuza majani chai upande wa Kionyo au Rukuriri aandike kilo zake pindi anaporejea kutoka kituo cha kupimia. Mfugaji naye aandike baada ya kukama jioni, kalamu ikiwa imefungwa kwa uzi kwenye daftari lenyewe, kwani kalamu za nyumbani huenda na watoto shuleni.

Faida huonekana hasa kwa ng'ombe. Asiposhika mimba, hurudi kwenye joto baada ya siku 21 hivi. Akishika, huzaa baada ya siku 280 hivi, na yafaa aachwe kukamwa siku 60 kabla ya kuzaa. Asiyeandika tarehe ya kupandishwa hubaki kukisia, na siku 21 zikipita bila yeye kutambua, amelisha ng'ombe bure kwa majuma matatu mengine.

Chai nayo ina lake. Mwaka wa fedha wa viwanda huisha mwezi wa Juni, na bonasi hulipwa miezi kadhaa baadaye, wakati risiti nyingi zimekwisha kupotea. Mwenye kilo zake daftarini ana la kusema akiona hesabu haziwiani.

Huko Mbeere na Tharaka, ambako mvua ya vuli, ya Oktoba hadi Desemba, ndiyo hutegemewa zaidi kuliko ya masika, yatosha kuandika 'imenyesha' au 'kavu'. Baada ya misimu mitatu, mkulima ataweza kulinganisha siku alizopanda na mavuno aliyopata.

Siku ikirukwa, iachwe wazi. Kuijaza kwa kukisia kunaharibu daftari zima, na kulipia deni la siku tano kwa usiku mmoja ndiko huwafanya watu wakate tamaa.

Lugha ni ile ya nyumbani, iwe Kimeru, Kiembu au Kimbeere. Wapo wanaopenda kuongeza neno la moyoni: ugonjwa wa mzazi, karo iliyokosekana, mgeni aliyewafurahisha. Hilo nalo ni jema, ila daftari la shamba husomwa na nyumba nzima. Mambo ya siri yatafutiwe daftari jingine, dogo, la kuwekwa chini ya mto.