Kuvua kwa Mshipi katika Mito ya Uingereza: Sehemu ya Pili, Majira ya Baridi

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kwamba Waingereza huwagawa samaki wa maji yasiyo chumvi katika makundi mawili. Kundi moja ni salmoni na trauti. La pili ni wote waliobaki: rochi, chabu, paiki, tenchi, karpi na wenzao. Hawa wa pili huvuliwa kwa ufito na mshipi, na karibu wote hurudishwa majini wakiwa hai. Leo tunaingia katika Desemba, Januari na Februari, miezi inayompima mvuvi kuliko yote.

Kwa msomaji anayeishi kando ya Ziwa Victoria, ambako maji ya juu hukaa karibu na nyuzi 25 za Selsiasi mwaka mzima, joto la maji si jambo la kufikiriwa sana. Katika mito kama Thames, Trent na Severn, lenyewe ndilo jambo la kwanza. Kiangazi maji hufika nyuzi 20. Baridi ikikaza hushuka hadi 4, na pengine chini ya hapo. Mwili wa samaki hufuata joto la maji aliyomo. Maji yakipoa, moyo wake hupiga polepole, misuli yake huwa mizito, na chakula tumboni huchelewa kusagika. Hewa haimpungukii, maana maji ya nyuzi 5 yanaweza kubeba oksijeni kama mara moja na nusu ya maji ya nyuzi 25. Kinachomfunga kinywa ni baridi yenyewe.

Baridi hiyo haiwapati wote sawasawa. Tenchi hujilaza chini kwenye tope, na huweza kukaa muda mrefu bila kula. Karpi hula kwa nadra. Rochi huendelea kudonoa kidogo kidogo, hasa giza linapoanza kuingia. Chabu ndiye tegemeo la mvuvi, kwa kuwa hula hata maji yakikaribia kuganda. Paiki, mwindaji mwenye meno makali, hakatai mzoga uliolala chini. Ndiyo sababu wavuvi humtegea kibua mfu wa baharini.

Ni wapi basi pa kumtafuta samaki? Maji huwa mazito kupita wakati wote yakiwa na nyuzi 4, na yakipoa zaidi ya hapo hupanda juu. Kwa hiyo ziwa huganda kuanzia juu, na samaki huponea chini kwenye kina. Mtoni ni tofauti, kwa sababu mkondo huchanganya maji yote. Huko samaki hutafuta utulivu ili asipoteze nguvu: nyuma ya mti ulioanguka, ndani ya kona, au pale maji ya kasi yanapopakana na maji ya pole. Mvuvi hodari huusoma uso wa mto kwanza, ndipo atie ndoana.

Kipimajoto nacho kiwemo mkobani. Mto uliotulia kwenye nyuzi 5 kwa siku kadhaa ni bora kuliko ulioporomoka usiku mmoja kutoka 8 hadi 5. Upepo wa kusini-magharibi wenye mvua ya vuguvugu kutoka Atlantiki huwaamsha samaki. Theluji inayoyeyuka na kuingia mtoni huwazubaisha.

Vifaa vyote vipungue ukubwa: mshipi mwembamba, ndoana ndogo, chubwi nyepesi. Chambo kiwe kipande cha mkate, funza wawili au donge la jibini. Konzi ya chambo iliyowakusanya samaki mwezi Julai huwashibisha mwezi Januari, nao huiacha ndoana.

Liko pia jambo la wajibu. Sheria ya 1878, iliyopiganiwa na A. J. Mundella, mbunge wa Sheffield, iliwapa samaki hawa miezi ya mapumziko. Hadi leo mito ya Uingereza na Wales hufungwa kwa uvuvi huu kuanzia Machi 15 hadi Juni 15, ili wazaliane. Lakini mayai hayaanzi kuumbika siku mto unapofungwa. Rochi au paiki jike anayenaswa Februari tayari ameyabeba. Mvuvi alowanishe mikono kabla ya kumshika, asije akambandua ute unaomkinga na maradhi; asimlaze kwenye nyasi zilizoganda, na asimkawize hewani, maana baridi kali huyaumiza matamvua. Sheria huanza kumlinda samaki Machi 15. Kabla ya tarehe hiyo, ulinzi wake umo mikononi mwa aliyemvua, na kizazi kijacho cha mto hutegemea mikono hiyo.

Sehemu ya tatu itahusu mto baada ya mafuriko.