Kitanda Kimoja London

Kitanda cha hosteli London hakina bei moja. Kina bei ya Jumapili na bei ya Jumamosi, bei ya Februari na bei ya Agosti, na aliyelala juu yako katika dabodeka hiyohiyo huenda alilipa nusu ya ulicholipa wewe. Mtu wa mapokezi hana mkono wake hapo. Hosteli haiuzi chumba, inauza kitanda kimoja kimoja, na kitanda kilichokosa mtu usiku wa leo hakiwekwi akiba kikauzwa kesho. Ndiyo maana programu ya kompyuta hupandisha bei kadiri vitanda vinavyojaa, na kuishusha wateja wakipungua. Ijumaa na Jumamosi vijana kutoka miji mingine ya Ulaya humiminika kwa ndege za bei nafuu, na bei hupaa. Wikiendi ya marathoni mwezi Aprili, kanivali ya Notting Hill mwishoni mwa Agosti na mkesha wa mwaka mpya, usitafute unafuu, haupo. Asiyebanwa na tarehe aingie mjini Jumapili jioni na aage Ijumaa asubuhi.

Kinachofuata ni idadi ya vitanda chumbani. Kadiri bweni linavyokuwa kubwa ndivyo kitanda kinavyoshuka bei, na wengi hukimbilia la watu 12 au zaidi bila kufikiri. Mimi nina msimamo wangu: chukua la watu sita. Katika la watu wanne, watatu wakiwa marafiki, wewe umekuwa mgeni chumbani kwao. Katika la watu 16, kila saa ya usiku kuna mmoja anaingia na mwingine anatoka, na mlango wa kadi unalia kila mara. Waliosoma shule za bweni wanaujua usiku wa namna hiyo, ila hapa hakuna kiranja wa kuzima taa.

London ina uzoefu wa muda mrefu wa kulaza watu wasio na fedha nyingi. Mwaka 1857 huko Limehouse, karibu na gati za mashariki, kilifunguliwa kituo cha kupokea mabaharia wa Asia na Afrika waliokuwa wakishushwa melini na kuachwa bila pa kulala. Mwaka 1892 Lord Rowton, aliyewahi kuwa katibu wa waziri mkuu Disraeli, alijenga Vauxhall nyumba kubwa ya wafanyakazi, peni sita kwa usiku. Hakukusanya watu ukumbini kama walivyofanya wengine wa enzi yake. Kila mtu alipewa kijichumba chake cha mbao, na kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo la ajabu. Hosteli za vijana zina asili nyingine. Zilitokana na wazo alilolipata mwalimu Mjerumani Richard Schirrmann mwaka 1909, akiwa safarini kwa miguu na wanafunzi wake mvua ikawakamata. Chama cha hosteli za vijana cha Uingereza na Wales, YHA, kilianzishwa mwaka 1930, na wageni wake wa mwanzo walitarajiwa waje kwa miguu au baiskeli, wafagie, na waoshe vyombo kabla ya kuondoka. Leo hosteli nyingi za London zina baa chini na muziki hadi usiku, na fagio halikuhusu. Ukiona tangazo linasifia baa kuliko vitanda, umeshaambiwa usingizi utakuwa wa namna gani.

Hesabu inayowapiga chenga wengi ni ya mahali. Kitanda cha kanda ya nauli ya 3 au ya 4, mbali na katikati ya jiji, huonekana rahisi mpaka uongeze nauli ya kila siku na saa zinazoishia kwenye treni. Kituo cha King's Cross St Pancras kina njia sita za treni za chini ya ardhi, na mojawapo, Piccadilly, inatoka moja kwa moja uwanja wa ndege wa Heathrow, kwa hiyo mwenye begi zito hahitaji kubadili treni. Hosteli kadhaa ziko umbali wa kutembea kutoka hapo. Ukilala eneo hilo, jumba la makumbusho la British Museum unalifikia kwa miguu, na makusanyo ya kudumu ya majumba ya taifa yanatazamwa bure tangu mwaka 2001. Siku nzima inaweza kupita bila nauli. Ukichoka, panda basi badala ya treni: nauli ni ndogo, na ndani ya saa moja unaweza kubadili mabasi utakavyo kwa nauli ileile, mradi ugonge kadi ileile kila unapopanda.

Hata hivyo kinachookoa fedha nyingi kuliko vyote ni jiko. Hosteli isiyo na jiko la wageni, hata kitanda kikiwa cha bei ya kutupa, nenda nayo kwa tahadhari, maana kula nje mara tatu kwa siku katika jiji lile kunaweza kupita bei ya kitanda chenyewe. Kwa Mwafrika Mashariki jiko lina faida ya ziada. Soko la Ridley Road, Dalston, na maduka ya mtaa wa Rye Lane kule Peckham yana unga, ndizi za kupika, bamia, pilipili mbuzi na samaki wa kila aina. Ila ugali wa jikoni hosteli una adabu yake. Sufuria ni nyembamba, zile zisizoshika chakula, mwiko haupo, na mikono mingi inangojea sahani ileile ya jiko la umeme. Songa mdogo, wa kula wewe na mwenzako, kwa kijiko cha mbao, kisha loweka sufuria papo hapo kabla ukoko haujakauka. Ukiiacha hivyo mpaka asubuhi utaandikiwa karatasi.

Kwenye friji, andika jina lako na tarehe ya kuondoka juu ya kila mfuko. Kisichoandikwa hutupwa siku ya usafi, na wakati mwingine huliwa kabla ya hapo. Kisha tafuta rafu ya vya bure. Karibu kila jiko lina moja: wanaoondoka huacha mchele, tambi, chumvi, mafuta nusu chupa, majani ya chai. Ipitie kwanza kabla ya kwenda dukani. Wanaojali halali wajue kwamba sufuria hizo zimepikiwa kila kitu, na wengi wao hubeba kisufuria chao kidogo begini. Si uchoyo, na hakuna anayeshangaa.

Kuhusu kitanda chenyewe, tazama picha za ndani ukitafuta vitu vitatu: pazia, soketi na kabati la kufunga. Pazia ndilo lililobaki la kile kijichumba cha Rowton. Likikosekana, unavaa na kuvua mbele ya wageni watano. Kabati mara nyingi halina kufuli, nawe huuziwa mapokezi kwa bei inayouma, basi beba lako. Chaja usihangaike nayo, kwa sababu plagi ya Uingereza ni ileile ya pini tatu bapa tunayoitumia Tanzania, Kenya na Uganda. Kina mama na kina dada waulize bweni la wanawake watupu. Hosteli kubwa nyingi zinalo, ingawa wakati mwingine bei yake iko juu kidogo.

Sasa kunguni. Hawachagui umaskini wala nyota za hoteli. Wanasafiri kwa mabegi, na nyumba inayobadilisha wageni kila siku hupokea mabegi mengi. Ukiingia chumbani, usilaze begi kitandani. Liache sakafuni, mbali na kitanda. Funua shuka kwenye kona ya upande wa kichwa, umulike kwa tochi ya simu kando ya mshono wa godoro, kwenye matundu ya skrubu za fremu na katika ufa kati ya ubao na ukuta. Unatafuta vidoa vyeusi vidogo, ambavyo ukivisugua kwa kitambaa chenye maji huchora mstari wa kahawia. Ndicho kinyesi chao, damu iliyosagwa. Unatafuta pia maganda makavu waliyojivua, au mdudu mwenyewe, bapa, wa kahawia, urefu wa milimita tano hivi. Ukikuta, piga picha, shuka mapokezi, omba chumba kingine kisichopakana na hicho. Sema kwa sauti ya chini. Utahudumiwa haraka kuliko anayepiga kelele. Kunguni hajulikani kuambukiza magonjwa, lakini akikufuata nyumbani atakugharimu zaidi ya safari yenyewe. Ukiwa na shaka, kabla ya kufunga begi la kurudi, zifue nguo zote kwa maji ya nyuzi 60 kisha zikaushe kwenye mashine yenye joto kali. Joto hilo linamuua yeye na mayai yake.

Mapokezi watakuomba pasipoti, na hapo kuna jambo ambalo hata baadhi ya wahudumu hawalijui. Amri ya mwaka 1972 inazitaka nyumba zote za kulala wageni Uingereza ziandike jina kamili na uraia wa kila mgeni mwenye umri wa miaka 16 au zaidi, na zitunze kumbukumbu hizo angalau miezi 12. Namba ya pasipoti na mahali unapoelekea baadaye hudaiwa kwa wasio raia wa Uingereza, Ireland au Jumuiya ya Madola. Kwa hiyo Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda hawabanwi na sharti hilo la pili. Mrundi na Mkongomani wanabanwa. Hosteli nyingi humtaka kila mtu aonyeshe pasipoti kwa kanuni zao wenyewe, na kubishana nao hakuna tija. Waache waitazame, waandike, kisha wakurudishie mkononi. Isibaki mapokezi kama dhamana ya ufunguo.

Wenye ndugu wanaoishi London wasome masharti kwa makini. Hosteli kadhaa hazipokei wenye anwani ya jiji hilohilo, na nyingi zina kikomo cha usiku unaoweza kukaa mfululizo. Kwa hiyo mpango wa kumkatia mgeni wako kitanda karibu na kwako, mwezi mzima, kabla hajapewa jembe, unaweza kugonga mwamba, hasa ukiandika jina lako badala ya lake.

Chumba hurudishwa asubuhi, mara nyingi saa nne au saa tano, lakini begi linaweza kubaki stoo ya hosteli hadi jioni, bure au kwa malipo kidogo. Panga begi usiku uliotangulia. Mifuko ya nailoni ikianza kulia gizani saa kumi alfajiri, bweni zima linakulaani kwa lugha tofauti. Na kama ndege yako ni ya alfajiri, kumbuka treni za Piccadilly hukesha usiku wa Ijumaa na Jumamosi tu. Siku nyingine kuna basi la N9, linalotoka Aldwych hadi Heathrow usiku kucha, kwa nauli ya basi la kawaida.