Kufundisha Habari za Kaya: Mji Uliohamwa na Msitu Uliobaki

Neno kaya si geni kwa mtoto wa shule ya msingi. Hulisikia wakati wa sensa, karani anapouliza idadi ya watu katika kaya, na hapo maana yake ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Lakini katika pwani ya Kenya, miongoni mwa Wamijikenda, neno hilo hilo lina maana nzito zaidi. Kaya ni mji wa kale uliojengwa ndani ya msitu kwa ajili ya usalama. Na tangu watu walipouhama mji huo, kaya ni msitu wenyewe, pamoja na makaburi na mahali patakatifu palipomo. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mji na msitu vilivyofungamana, kwa nini misitu hiyo imesalia, na jinsi mwalimu anavyoweza kuifundisha mada hii bila kuipotosha.

Mada hii huharibiwa darasani kwa njia mbili. Mwalimu mmoja huigawa vipande: makabila huyafundisha katika historia, na miti katika sayansi, hata mtoto asijue kwamba ni jambo moja. Mwalimu mwingine huipita haraka, au huitaja kwa dhihaka, kana kwamba ni habari za uchawi tu. Kosa la kwanza hupunguza maarifa. La pili laweza kudhuru watu, kama tutakavyoonyesha.

Mji ndani ya msitu

Wamijikenda ni jamii tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Jina lao lenyewe latokana na hesabu hiyo, yaani miji tisa, kwa kuwa kenda ni tisa. Masimulizi yao yanasema kwamba walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakashuka kusini kwa kuwakimbia maadui. Wanahistoria wamebishana sana juu ya safari hiyo, lakini kaya zenyewe zipo, na kujengwa kwake kulianza katika karne ya 16.

Watu waliotishwa na vita huhitaji ngome. Wamijikenda hawakujenga kuta ndefu za mawe, walitumia msitu. Kaya nyingi zilijengwa juu ya vilima. Katikati palikuwa na uwanda uliofyekwa, na nyumba zikajengwa hapo. Pande zote msitu mnene uliachwa usimame, nao ulikatizwa na njia chache nyembamba zenye malango. Adui aliyetaka kuingia alilazimika kufuata njia hizo, mmoja nyuma ya mwenzake, na wenyeji wakiwa tayari kumpokea.

Hapa ndipo penye ufunguo wa somo zima. Katika mji wa namna hiyo, mtu aliyekata mti wa msituni alikuwa anabomoa ukuta wa mji. Kwa hiyo katazo la kukata miti halikuwa jambo la pembeni. Lilikuwa sheria ya usalama wa wote.

Ndani ya mji palikuwa na moro, yaani mahali pa baraza. Hapo walikaa wazee wa kambi, ambao ndio waliokata mashauri na kusimamia mila. Palikuwa pia na fingo, kinga ya mji iliyofukiwa ardhini mahali palipojulikana na wachache. Wafu walizikwa humo humo, na makaburi ya waasisi yaliheshimiwa kuliko yote.

Watu walihama, msitu ukabaki

Katika karne ya 19 hatari ilipungua, biashara ikapanuka, na watu wakahitaji mashamba mapana zaidi. Kidogo kidogo familia zilitoka kayani zikajenga nje. Kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa hazina wakazi tena.

Lakini kuhamwa hakukuwa kusahauliwa. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alipowahimiza Wagiriama kuukataa utawala wa Waingereza, viapo vya kuunganisha watu vilifungamanishwa na kaya yao kuu, Kaya Fungo, ambayo huitwa pia Kaya Giriama. Serikali ya kikoloni ilitambua nguvu ya mahali hapo, na mwaka 1914 ikapalipua kwa baruti. Mwalimu awaulize wanafunzi: mtu hulipua nini katika mji ambao wengi wamekwisha kuuhama? Jibu lake litawafunza mengi kuhusu maana ya kaya.

Mji ukishahamwa, ukuta wake hauna kazi tena. Ingetazamiwa, basi, kwamba miti ingekatwa. Haikukatwa, kwa sababu makaburi yalibaki, na kwa watu wa kaya hayo ni makao ya wahenga. Makatazo ya zamani yaliendelea: kutokata mti, kutookota kuni, kutolisha mifugo, kutotoka nje ya njia. Aliyevunja miiko hiyo alitozwa faini na wazee, aghalabu mnyama wa kuchinjwa katika tambiko la kuondoa kosa. Sababu ilibadilika, kutoka ngome kuwa heshima, lakini mti ulibaki umesimama.

Matokeo yake yanaonekana leo. Kaya si misitu mikubwa. Nyingi zina ukubwa wa kati ya hekta 10 na 400, na Kaya Kinondo, karibu na ufuko wa Diani, ina hekta 30 hivi. Hata hivyo ndani yake mna mivule, mibambakofi na mimea adimu ambayo ni shida kuiona penginepo. Mbega hukaa katika miti ambayo, nje ya mpaka wa kaya, imekwisha kugeuka mkaa na mbao.

Ulinzi wa serikali na upungufu wake

Mwaka 1992 serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, na leo zaidi ya 40 zinatambuliwa. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 iliimarisha ulinzi huo. Mwaka 2008 misitu kadhaa ya kaya, iliyotawanyika katika umbali wa kilomita 200 hivi za pwani, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2009 mila zinazohusu kaya ziliingizwa katika orodha nyingine, ile ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka.

Yafaa mwanachuo azitofautishe orodha hizo mbili. Ya kwanza ni ya mahali; ya pili ni ya maarifa na desturi za watu. Kuwekwa kwa mila katika orodha ya pili kulikuwa onyo: wenye kuzijua wamezeeka, na vijana wengi hawazifuati. Msitu wa kaya haukulindwa na askari. Ulilindwa na jirani aliyeona haya kuingia na shoka. Haya hiyo ikiisha, uchimbaji wa mawe na madini, uuzaji wa viwanja na ujenzi wa hoteli hupata mlango, hata kama tangazo la serikali limo ndani ya faili.

Kuna jambo zito kuliko hilo. Katika Kaunti ya Kilifi, miaka ya karibuni, wazee wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma hizo pana ugomvi wa ardhi. Baadhi ya waliotishiwa wamepata makimbilio katika Kaya Godoma, eneo la Ganze. Mwalimu anapotamka mbele ya watoto kwamba mambo ya kaya ni uchawi, maneno yake hayabaki darasani. Mtoto huyapeleka nyumbani, na nyumbani yupo babu mwenye mvi.

Hatua za kufundisha

Hatua ya kwanza ni mchoro. Mwalimu achore ubaoni uwanda, msitu unaouzunguka na njia mbili, bila kutaja kazi ya msitu. Kisha aulize: adui akija, atapitia wapi? Ninyi mngejificha wapi? Mti mmoja ukikatwa, nani atafurahi? Watoto wagundue wenyewe kwamba msitu ndio ukuta. Wanaweza pia kuufinyanga mji huo kwa udongo na kuchomeka vijiti kuwa miti. Zana hiyo haigharimu fedha.

Hatua ya pili ni kuziunganisha kanuni na matokeo yake. Wanafunzi wachore jedwali la safu mbili. Kutookota kuni: matawi makavu huoza na kurutubisha udongo. Kutotoka nje ya njia: miche haikanyagwi. Kutolisha mifugo: machipukizi hupata kukua. Lakini mwalimu asiwatie wazee maneno kinywani. Wao hutii kwa ajili ya wahenga, wala hawakusema kwamba wanahifadhi mbolea. Mtoto aelezwe yote mawili: sababu wanayoitoa wenyewe, na matokeo yanayoonekana na sayansi. Haimlazimu mtoto wa dini yoyote kuamini mila hizo ili azieleze kwa usahihi na kwa adabu.

Hatua ya tatu ni kumwalika mzee. Kabla ya siku hiyo mwalimu amwendee nyumbani, amweleze shabaha ya somo, na amwachie achague atakayoyasema. Wanafunzi wafundishwe kumwamkia, kumsikiliza pasipo kumkatiza, na kuuliza kwa zamu. Mzee akisema kwamba jambo fulani halisemwi, swali liishie hapo. Shule imezoea kuona kila jibu lililofichwa kuwa pengo la kujazwa. Hapa watoto wajifunze kwamba yapo maarifa yenye wenyewe, na kwamba mahali pa fingo si swali la mtihani.

Hatua ya nne ni ziara, kwa shule zilizo karibu. Ruhusa ya wazee itangulie kila kitu. Kaya Kinondo hupokea wageni, nao hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, huvua kofia na hawachukui chochote, hata jani. Kaya nyingine hazipokei wageni, na hilo nalo ni somo. Darasa laweza kukaa nje, ukingoni mwa msitu, na kulinganisha joto la kivulini na la shambani, rangi na unyevu wa udongo wa pande mbili, na idadi ya ndege wanaosikika kwa dakika kumi. Kazi hiyo yatosha kwa kipindi kizima.

Mwanachuo atakayepangiwa shule ya mbali na pwani asidhani kwamba mada haimhusu. Wadigo wako Kenya na wako Tanga pia. Na karibu kila jamii ina msitu wa ukoo, chemchemi au mti wa baraza ambao haukuguswa kwa vizazi. Afuate hatua hizo hizo: kwanza apate historia ya mahali, kisha kanuni zake, kisha wenye kuzisimamia, na mwisho hali yake ya sasa.

Kupima mafanikio ya somo

Swali moja latosha kuonyesha kama somo limeeleweka: kwa nini msitu huu haukukatwa? Mwanafunzi atakayejibu kwamba serikali imekataza ana sehemu ndogo ya jibu, kwani msitu uliitangulia serikali kwa karne kadhaa. Atakayejibu kwamba watu waliogopa mizimu ana sehemu nyingine, naye aulizwe zaidi. Atakayeeleza kwamba watu walikaa humo, miti ikawa ukuta wao, wafu wao wakazikwa humo, wazee wakaendelea kusimamia miiko baada ya mji kuhamwa, na sheria ikaja baadaye kuwaunga mkono, huyo amelielewa somo. Mwalimu na amsimamishe awaeleze wenzake kwa maneno yake mwenyewe, kisha amtume nyumbani akamwulize babu au bibi yake kama ana la kuongeza.