Kura Mvita, Nyumba Kileleshwa



Hivi karibuni, baada ya darsa ya akina mama katika nyumba moja ya Kileleshwa, Nairobi, mazungumzo yaliangukia maji. Mama mwenyeji, mzaliwa wa Mombasa, alieleza kwamba mfereji ulikuwa mkavu kwa siku nne, na wapangaji walikuwa wamekwisha kuchanga fedha mara mbili mwezi ule kununua lori la maji. Binti yake, aliyekuwa akigawa kahawa, akauliza: “Mama, kwani hapa ulimpigia nani kura?”

“Mimi kura yangu iko Mvita, mwanangu,” akajibu. Mama huyu ameishi Nairobi miaka 18.

Swali la binti lina uzito. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2022, kila mpiga kura alikuwa na haki ya karatasi 6. Ya Rais ni moja kwa nchi nzima. Tano zilizobaki, yaani gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi, hufuata mahali ulipojiandikisha. Basi mama yetu alichagua viongozi watano wa Mombasa, na hakuna hata mmoja wao mwenye mamlaka juu ya mfereji wa Kileleshwa. Waliochagua hapa walimpa Johnson Sakaja ugavana, Beatrice Elachi ubunge wa Dagoretti Kaskazini, na Robert Alai uwakilishi wa wadi. Yeye hakuwamo, si kwa kuwakubali wala kwa kuwakataa.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi baina ya serikali mbili. Maji na maji taka, mipango ya ujenzi, uzoaji wa taka, zahanati, shule za chekechea, hata makaburi, yote hayo ni ya kaunti. Mbunge hutunga sheria za nchi, na katika eneo lake kumekuwa na mfuko wa maendeleo wa kusaidia shule na karo za wanafunzi. Anayemlalamikia mbunge kuhusu taka anabisha mlango usio wake.

Kileleshwa ilikuwa mtaa wa nyumba za chini zenye bustani na miti. Leo viwanja vingi vimeota maghorofa. Si haki kuyalaani, maana wengi wetu ndimo tunamokaa. La kuuliza ni hili: ghorofa zinapoongezeka, je, mabomba ya maji na mifereji ya maji taka nayo huongezwa? Mvua za Aprili na Mei 2024 zilipofurika Nairobi, tuliona maji yasipopata njia huwa vipi. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka athari za miradi mikubwa ya ujenzi zichunguzwe kwanza na maoni ya wananchi yasikilizwe. Anayeomba kura ya wadi hana budi kueleza atasimama wapi siku majirani watakapopinga jengo.

Tena, Dagoretti Kaskazini si Kileleshwa pekee. Ina wadi 5: Kileleshwa, Kilimani, Kawangware, Gatina na Kabiro. Dada anayekuja asubuhi kwa miguu kutoka Kawangware kukusaidia kazi za nyumba anachagua mbunge yule yule. Haki ya jirani tunaijua. Haiishii kwenye ukuta wa jengo.

Wanaoacha kura zao Pwani wana hoja zao, wala si za kupuuzwa. Huko ndiko kwenye makaburi ya wazee, shamba la urithi, na nia ya kurejea uzeeni. Kura za Pwani zina matunda yake pia: mwaka 2022 watu wa Kwale walimchagua Bi Fatuma Achani, mwanamke wa kwanza kuwa gavana katika Pwani yetu. Mwenye kwenda na kurudi kila mara, na watoto wake wakisoma huko, ana sababu ya kubaki. Lakini ambaye hufika kwa Idi na kwa mazishi tu, aipime nafsi yake kwa insafu: je, anawachagulia wenziwe viongozi ambao yeye hataishi chini yao?

Kuhamisha kura kunawezekana. Sheria inataka umwarifu msajili wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi, na uchaguzi ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Asiyejali tarehe atajikuta amechelewa.

Neno la mwisho kwa akina mama. Kushauriana nyumbani ni jambo jema, na shura ni mwendo wetu. Hata hivyo kura ni siri na ni ushahidi, na ushahidi hautolewi kwa niaba ya mtu. Amana hupewa anayestahiki, si mwenye kugawa leso na unga.

Yule binti atatimiza miaka 18 kabla ya uchaguzi, na amesema atajiandikisha Kileleshwa. Mama yake bado anafikiri. Tulipoondoka, alikuwa akijaza ndoo kutoka kwenye pipa, tayari kwa udhu wa Magharibi.

Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi waadilifu, na atujaalie sisi kuwa wachaguzi waadilifu. Amin.