Kusajiliwa si Kulipiwa

Mama aliyekuwa mbele yangu kwenye dirisha la malipo alimwonyesha karani simu yake ili asome ujumbe: amesajiliwa SHA. Binti yake alikuwa amejiinamia kwenye benchi nyuma yetu, ameshaandikiwa kulazwa. Karani aliingiza nambari ya kitambulisho kwenye kompyuta, akatulia kidogo, kisha akasema kwa upole, "Mama, umesajiliwa, lakini hujalipa mchango. Itabidi utoe pesa taslimu."

Simlaumu mama huyo. Tangu SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ichukue nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya afya iliyokuwapo, tarehe 1 Oktoba 2024, serikali imetutangazia mamilioni ya Wakenya waliosajiliwa, kana kwamba wote hao tayari wana bima. Tuangalie pesa zinavyopita.

Mfumo huu una hazina tatu. Hazina ya Afya ya Msingi hutegemea kodi na hulipia matibabu ya zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Huko kusajiliwa kunatosha. Ukilazwa katika hospitali ya ngazi ya 4 hadi 6, mlipaji ni hazina ya pili, SHIF, yaani bima ya afya ya jamii, nayo humlipia aliyetoa mchango. Hazina ya tatu ni ya dharura na ya magonjwa sugu pale SHIF inapofikia kikomo.

Kuna ahadi iliyotimia, na ni haki kuisema. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Anayepata shilingi 20,000 alikuwa akilipa NHIF 750. Sasa analipa 550. Anayepata 100,000 amepanda kutoka 1,700 hadi 2,750. Mwenye nacho anambeba asiye nacho, na hiyo ndiyo maana ya bima ya jamii.

Mama mboga hana mshahara wa kukatwa. Yeye huulizwa nyumba yake imeezekwa kwa nini, anapikia nini, choo chake ni cha aina gani, kisha kipato chake kinakadiriwa. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, pungufu ya zile 500 za NHIF. Lakini zile 500 alizilipa mwezi kwa mwezi. Sasa anatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo: 3,600 kwa uchache. Kwa anayehesabu faida kila jioni, bei imeshuka ila mlango umekuwa mwembamba. Baadaye serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole, ambao ni mkopo wa kulipia mchango huo.

Tunaambiwa pia kwamba mwanachama ana uhuru wa kuchagua hospitali yenye mkataba. Uhuru huo unasimama pale tu hospitali inapolipwa kwa wakati. Februari 2025 hospitali binafsi chini ya chama cha RUPHA zilisitisha huduma za SHA kwa sababu ya madeni, mengine yakiwa yameachwa na NHIF. Mgonjwa aliyezichagua aliombwa pesa mkononi. Mwenye saratani naye ana kikomo: mwaka 2025 SHIF ilikuwa ikilipa hadi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na hazina ya tatu ikiongeza 150,000. Zikiisha, familia inarudi kwenye harambee.

SHIF ni ya lazima. Ukitaka bima binafsi, utailipia juu yake. Mteja asiyeweza kuhama anastahili kuambiwa ukweli wote, kwa hiyo kila serikali inapotangaza waliosajiliwa, tudai na hesabu mbili zaidi: wangapi wamelipa, na hospitali zinasubiri malipo yao siku ngapi. Nawe usingoje kuugua. Piga *147#, kamilisha maswali ya kipato, ujue mchango wako, kisha uulize hospitali ya karibu kama inapokea SHA wiki hii.

Nilipoondoka, yule mama alikuwa ameketi kando ya binti yake, akiwapigia ndugu simu mmoja baada ya mwingine. Na katika yale mamilioni, naye amehesabiwa.