Michembe na matobolwa: akiba ya kiangazi Usukumani

Mvua zikikatika Usukumani, viazi vitamu huvunwa karibu vyote kwa mkupuo. Soko hufurika, bei huporomoka, na mkulima hujikuta akimwachia mlanguzi lumbesa kwa bei ya kutupa. Ikifika Oktoba, mkulima huyohuyo yuko dukani akinunua unga. Dawa ya hali hii wazee wa Shinyanga, Mwanza na Tabora wanayo tangu zamani, nayo ni kukausha.

Kwa nini viazi visiachwe shambani vikasubiri? Ardhi ikikauka hupasuka, na fukuzi hupitia kwenye nyufa hizo hadi kwenye kiazi. Funza wake wakishakitoboa, kinakuwa kichungu, na hata ukikipika uchungu hautoki. Kukiweka ndani kibichi nako kuna mwisho wake: takriban asilimia 70 ya uzito wake ni maji, hivyo kikichubuka tu kinaoza.

Njia za kukausha ni mbili. Kwa michembe, viazi huachwa kwanza vinyauke, kisha hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa vikiwa vibichi. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakatwe na kuanikwa. Tofauti yake utaijua mdomoni. Matobolwa hutafunwa hivyohivyo, matamu na magumu, chakula kizuri cha mchungaji anayeshinda porini. Michembe lazima irudi jikoni ichemshwe, iliwe na maharage, maziwa au karanga zilizotwangwa. Mimi naamini michembe ya karanga haina mpinzani kwa mtu anayekwenda kulima.

Kazi huharibikia kwenye kuanika. Wengi humwaga vipande kwenye mwamba au ardhi tupu, na vumbi, mbuzi na kuku wakapita humohumo. Chanja ya miti iliyoinuliwa usawa wa kiuno huondoa adha hiyo yote. Ukitaka kujua kama vimekauka, chukua kipande ukivunje: kilicho tayari hukatika kwa mlio. Kinachopinda kirudi juani, maana hicho ndicho kitakachoota ukungu na kuharibu kihenge kizima.

Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vinataka uangalifu zaidi. Vina utajiri wa vitamini A, na watafiti waliovikuza na kuvieneza, akiwamo Robert Mwanga wa Uganda, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Lakini jua kali hupunguza vitamini hiyo. Vikaushwe kivulini penye upepo, na viliwe mapema, kwa sababu hata ghalani huendelea kupungua.

Wapo vijana wanaoita michembe na matobolwa chakula cha njaa na kuona haya kumwekea mgeni mezani. Hawakitendei haki. Ndugu mkulima, kabla hujafunga lumbesa ya mwisho, tenga gunia moja au mawili ya kumenya nyumbani. Unga utakapopanda bei, wanao watakuwa na cha kula.